Usiiuze kamera ya mzee kabla hujasoma haya

Huenda nawe nyumbani kwenu lipo sanduku kama letu. Limewekwa juu ya kabati au chini ya kitanda cha mzee, limejaa vumbi, na ndani yake mna kamera ya zamani ambayo hakuna anayekumbuka ilipiga picha lini mara ya mwisho. Kila Krismasi watoto wakija nyumbani huliona, huuliza ni la nini, kisha husahau. Na huenda, kama ilivyokuwa kwetu, siku moja atapita mtu anayenunua vyuma na betri mbovu, naye atalikadiria kwa bei ya kilo mbili za sukari.

Letu lilikaribia kabisa kwenda hivyo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kwetu Kangundo mwaka wa 2023, siku ambayo mama alikuwa akisafisha stoo. Kamera mbili za baba zilikuwa tayari zimewekwa juu ya mizani pamoja na sufuria zilizotoboka. Kilichoziokoa si busara yangu. Ni binti yangu aliyetoka jikoni akauliza, "Nyanya, kwani hata hizo lenzi mnauza?"

Baba alikuwa ameketi chini ya mparachichi. Hakugeuza hata shingo. Alisema tu, "Mwacheni aende nazo. Zilishakufa hizo."

Nikamwambia yule kijana achukue sufuria peke yake, aniachie kamera. Sikujua nilichokuwa nikiziachia. Nilijua tu kwamba baba alisema neno lile kwa sauti ambayo si ya mtu anayezungumza juu ya chuma.

STENDI YA LIKONI

Kabla sijakueleza tulivyozifufua, sharti nikueleze zilivyokufa. Baba alikuwa mpiga picha kivukoni Likoni, Mombasa. Wasomaji walioishi Pwani katika miaka ya themanini na tisini watakumbuka vile vibanda vya picha vilivyokuwa karibu na feri, kila kimoja na pazia lake lililochorwa kwa rangi kali. La baba lilikuwa na meli nyeupe, minazi na ndege inayopaa. Mbele yake paliwekwa kiti, zulia na maua ya plastiki. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama hapo katika shati la kuazima, akapigwa picha ya kuwapelekea wazazi nyumbani ili waone kwamba mtoto wao yu hai na mambo si mabaya.

Mimi nilimsaidia tangu nilipomaliza shule. Kazi yangu ilikuwa kuandika risiti, kupokea nusu ya malipo na kupeleka filamu mjini zikasafishwe. Mteja alirudi baada ya siku mbili tatu, akalipa nusu iliyobaki, akaondoka na bahasha yake.

Kamera za baba zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Zenit E ya Kirusi, nzito kama tofali, yenye lenzi iitwayo Helios 44-2. Ya pili, ambayo aliipenda kama mboni ya jicho lake, ilikuwa Pentax Spotmatic ya Kijapani yenye lenzi ya Super-Takumar ya milimita 50. Zote alizinunua zikiwa zimetumika, na Pentax ilimchukua karibu mwaka mzima kumaliza kuilipa.

Kisha ukaja usiku wa Agosti 13, 1997. Kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, watu wakauawa, nyumba na vibanda vikatiwa moto, na maelfu ya watu waliotoka bara wakayakimbia makao yao. Sisi tulilala kanisani pamoja na mamia ya wengine, kisha tukapata basi la kutupeleka bara. Nyumba yetu iliteketea. Pazia la meli na ndege liliteketea. Baba alitoka na mfuko mmoja tu wa ngozi. Ndani yake mlikuwa na kamera zake mbili na bahasha kumi na moja za picha ambazo wenyewe walikuwa wamelipa nusu na hawakupata nafasi ya kuja kuzichukua.

Tangu siku hiyo baba hakushika kamera. Katika harusi yangu mwaka wa 2000 aliombwa apige picha moja tu ya wazee waliokuwa wameketi pamoja, akakataa, akasema macho yake yamechoka. Wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka hamsini na mitano. Nasi tukajifunza kutouliza.

KAMERA HUFA, LENZI HUBAKI

Binti yangu hupiga picha za harusi na mahafali. Ana kamera ya Sony A7 II, mojawapo ya zile kamera za kisasa zisizo na kioo ndani. Jioni ya siku ile ya mizani alizichunguza kamera za babu yake moja baada ya nyingine. Spotmatic ilikuwa imekwisha. Lile pazia dogo la kitambaa linalofunguka na kufungwa mbele ya filamu lilikuwa limeganda, na mahali pa betri palikuwa pameota kutu ya kijani. Zenit nayo haikuweza kusogeza filamu. Lakini lenzi zilipozungushwa, zilizunguka.

"Baba," aliniambia, "kilichokufa ni kiwiliwili. Macho yangali mazima."

Hapa nakuomba subira kidogo, msomaji, kwa maana hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na kwa kutolijua tunagawa mali kwa bei ya vyuma.

Utotoni pengine uliwahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuza na mwanga wa jua. Unakumbuka ulivyokisogeza juu na chini hadi ule mviringo wa mwanga ukawa kitone kikali? Kuna umbali mmoja tu ambapo kitone hicho hupatikana. Ukisogea karibu au mbali, mwanga hutawanyika. Lenzi ya kamera ni vivyo hivyo. Imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu, na umbali huo ukizidi hata kwa milimita moja, picha ya kitu kilicho mbali huharibika.

Kamera za enzi ya baba zilikuwa na kioo kidogo, kama hiki cha kujitazamia, kilicholala mshazari nyuma ya lenzi. Kazi yake ilikuwa kurusha picha juu hadi kwenye jicho la mpigaji. Ukibonyeza kitufe, kioo kiliruka, filamu ikapata mwanga, kisha kioo kikarudi mahali pake. Kioo hicho kilihitaji nafasi ya kurukia. Kwa hivyo lenzi za skrubu kama za baba, ambazo mdomo wake una upana wa milimita 42, zilikaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Skrubu hiyo ilianza kutumiwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikaenea hadi Muungano wa Sovieti na Japani. Ndiyo sababu lenzi ya Kirusi na ya Kijapani zingeweza kubadilishana kamera bila ugomvi, hata pale ambapo serikali zao zilikuwa hazielewani.

Sasa, kamera mpya zimekiondoa kioo hicho. Mahali pa filamu pana kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, nacho hupeleka picha moja kwa moja kwenye skrini. Kioo kilipoondoka, nafasi yake ikabaki wazi. Kwenye kamera ya binti yangu, kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye kihisi ni milimita 18 tu. Chukua 45.46 utoe 18, unabaki na 27.46. Basi ukipata pete ya chuma yenye urefu huo, upande mmoja ukiwa na mikunjo ya skrubu ya zamani na upande wa pili ukiwa na meno ya kamera mpya, lenzi ya mwaka wa 1970 itakaa sawasawa kama ilivyokaa kwenye kamera iliyozaliwa nayo.

Ndani ya pete hiyo, ambayo wauzaji huiita adapta, hamna kioo wala nyaya. Ni chuma kitupu chenye tundu katikati. Ajabu ni kwamba chuma hicho kitupu ndicho kilichozitoa lenzi nyingi za kale masandukuni kote duniani. Kamera hizi zilianza kuuzwa mwaka wa 2008. Mwaka wa 2013 Sony ilitoa A7, yenye kihisi cha ukubwa ule ule wa filamu ya kawaida, milimita 36 kwa 24. Nikon na Canon zikatoa za kwao za ukubwa huo mwaka wa 2018. Kwenye kihisi kidogo zaidi lenzi ya zamani hufanya kazi pia, ila huona eneo dogo zaidi, na ile ya milimita 50 huweza kuwa kama ya 75.

MJUAJI NIKAJIKWAA

Binti yangu alirudi Nairobi kazini na kamera yake. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, sikungoja. Niliazima kamera ya digitali ya jirani, nikanunua pete ya kuitosha, nikaifunga lenzi ya baba kwa fahari kubwa. Kuku waliokuwa uani walitoka wazuri, kila unyoya ukionekana. Lakini nilipoelekeza kamera kwenye Kilimambogo kule ng'ambo, mlima wote ulikuwa kama umefunikwa na uji. Nilizungusha lenzi hadi mwisho, mlima haukutulia.

Kumbe kamera ya jirani ilikuwa ya digitali, naam, lakini bado yenye kioo, na umbali wake ulikuwa unauzidi ule wa lenzi kwa kiasi cha milimita moja. Pete huweza kuongeza umbali, lakini haiwezi kuupunguza. Zipo pete zenye glasi ndani za kurekebisha kasoro hiyo, ila glasi ya bei rahisi mbele ya kihisi huiharibu kazi ya lenzi nzuri. Kwa hivyo, msomaji, kabla hujatoa pesa uliza swali moja: kamera hii ina kioo au haina? Mimi sikuuliza, na pete yangu ya kwanza sasa ni mchezo wa wajukuu wa dada yangu.

Pete ya pili aliinunua binti yangu mwenyewe Nairobi, kwa shilingi 1,800. Safari hii mlima ulitoka hadi kileleni. Lakini picha zote zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nyuso zilikuwa za manjano, mawingu yalikuwa ya manjano, hata maziwa kwenye kikombe.

Nikadhani ni uchafu, nikataka kuichokonoa lenzi kwa kitambaa na spiriti. Nashukuru binti yangu alinikataza, kwani si uchafu. Baadhi ya lenzi za miaka ya sitini na sabini, hii ya Super-Takumar ya namba 1.4 ikiwemo, zilitengenezwa kwa glasi iliyochanganywa na madini ya thoriamu ili picha iwe safi zaidi. Madini hayo yana mnururisho kidogo, na miaka ikipita glasi hugeuka manjano. Kuitumia lenzi hiyo kupigia picha si jambo la kukutia hofu. Ila usiivunje, usiisage, wala usiwape watoto waichezee.

Na dawa yake ni nini? Ni jua! Miale ya jua huiondoa ile manjano polepole. Jua la Ukambani, ambalo kila mwaka tunalilaumu kwa kutukaushia mahindi, kwa mara ya kwanza lilikuwa na faida ya bure.

KITAMBAA CHA MAMA

Niliiweka lenzi mezani karibu na dirisha, ikitazama jua, nikaenda zangu shambani. Msomaji, kumbuka nilichokueleza juu ya kioo cha kukuza na karatasi. Mimi mwenyewe nilikisahau. Niliporudi nilikuta harufu ya kitu kinachoungua na mama amesimama mlangoni, ameshika kitambaa cha meza alichokifuma kwa mikono yake. Katikati kilikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa punje ya maharagwe.

"Likoni walinichomea nyumba," alisema. "Na nyinyi mnataka kunichomea hii?"

Hakuna aliyejibu. Katika miaka ishirini na sita, hiyo ilikuwa mara ya kwanza neno Likoni kutamkwa nyumbani mwetu mbele ya baba. Nilitazama chini. Kisha nikasikia kicheko kikitoka kwenye kiti cha pembeni, kicheko kikavu cha mzee. Baba alikuwa akicheka hadi mabega yanatikisika.

Aliinuka, akaichukua ile lenzi kutoka mezani. Sikuwahi kumwona akiigusa tangu niwe kijana. Akaigeuza mkononi bila kuitazama, macho yake yakiwa dirishani, kidole gumba kikaizungusha pete ya kupunguza mwanga. Lenzi ikalia tik, tik, tik.

"Hii ni nane," akasema.

Nikatazama namba. Ilikuwa nane.

Tangu hapo tukawa tunaianika lenzi nje, juu ya ukuta wa tangi la maji, mbali na kila kinachoweza kushika moto, upande wa chini ukiwa umefunikwa kwa karatasi ya foili. Jioni tuliirudisha ndani umande usije ukaingia. Aliyekuwa akiitoa na kuirudisha ni baba. Baada ya majuma matatu glasi ilikuwa karibu nyeupe kabisa.

Helios haikuwa na bahati hiyo. Tulipoimulika kwa tochi tuliona ndani yake nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, ugonjwa mkuu wa lenzi zilizoishi Pwani. Hupenda joto, unyevu na giza, na mfuko wa ngozi huyahifadhi yote matatu. Ikiwahiwa, fundi anayejua kuifungua lenzi huweza kuisafisha. Ikicheleweshwa, hula ule utando wa juu wa glasi na alama hubaki. Yetu ilicheleweshwa. Ingali inapiga picha, ila mwanga ukiikabili huona ukungu. Ni hasara, kwa sababu Helios, ambayo ramani yake ilitokana na lenzi ya Biotar ya Wajerumani, ina mtindo wake wa kuyafanya majani yaliyo nyuma ya mtu yaonekane kama yanazunguka.

BABA AFUNDISHA

Siku binti yangu alipokuja na kamera yake, tulikaa wote chini ya mparachichi. Alinieleza kwamba kamera, ikiona lenzi isiyo na nyaya, hudhani haina lenzi kabisa na hukataa kupiga. Kuna mahali kwenye orodha ya maagizo pa kuiruhusu ipige hivyo hivyo. Vilevile kamera yake ina uwezo wa kutuliza mtetemo wa mkono, lakini lazima uiambie mwenyewe kwamba lenzi ni ya milimita 50, kwa kuwa lenzi ya kale haiwezi kujieleza.

Hayo yote aliyajua. Kisha akakwama. Kila alipozungusha ile pete ya mwanga, picha haikubadilika. Alijaribu mara tatu, akaanza kuilaumu adapta.

"Kuna swichi ndogo hapo ubavuni," baba akasema kutoka kitini. "Isukume kwenye M."

Akaisukuma, na mwanga ukaitii pete. Kwenye kamera za zamani, lenzi hiyo ilikaa wazi ili mpigaji aone vyema, kisha kamera ikaibana kwa kusukuma kijiti kidogo wakati wa kupiga. Pete yetu ya chuma haina cha kukisukuma kijiti hicho, hivyo lazima uifunge lenzi kwenye kazi ya mkono. Binti yangu alimtazama babu yake kama ambaye amemwona leo.

"Babu, hebu piga wewe," akamwambia.

"Sioni, mjukuu wangu. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na hili la kulia linaona nusu."

Nilidhani mazungumzo yamekwisha, maana ndilo neno alilonijibu mimi katika harusi yangu. Lakini binti yangu alibonyeza kitufe kimoja, akamwekea kamera mikononi. Hili ndilo ambalo kamera zake za filamu hazikuweza kamwe kulifanya. Kamera isiyo na kioo huweza kuikuza sehemu ndogo ya picha kwenye skrini yake hadi ukope mmoja uwe mnene kama unyasi, na hutia rangi nyekundu kwenye kingo za kila kitu kilicholengwa sawasawa. Jicho linaloona nusu linatosha.

Mama alikuwa kando akichambua mbaazi kwenye ungo. Baba aliinua kamera. Mikono yake ilitetemeka kidogo, kisha nikaona kidole gumba na cha shahada vikiizungusha lenzi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila mara kidogo zaidi, kama alivyokuwa akifanya mbele ya lile pazia la meli. Lenzi za siku hizi hujilenga zenyewe, na huenda hujilenga vizuri kuliko mkono wowote. Lakini zingekuwa hazimhitaji. Hii ilimhitaji.

Akabonyeza mara moja, akairudisha kamera.

"Piga nyingine, Babu, hakuna filamu ya kuisha."

"Moja imetosha."

Tulipoitazama kwenye skrini, uso wa mama ulikuwa na ukungu kidogo. Kilichotoka wazi kabisa, hadi mistari ya kucha, ni mikono yake na mbaazi. Binti yangu alifungua kinywa kusema, nikamkanyaga mguu. Baba aliitazama picha kwa muda.

"Niliilenga mikono," akasema.

Hadi leo sijui kama ni kweli au alijitetea. Picha hiyo tumeitundika sebuleni, na kila mgeni huisifu mikono.

BAHASHA KUMI NA MOJA

Jioni hiyo, bila kuulizwa, baba aliingia chumbani akatoka na zile bahasha. Alizipanga mezani, juu ya kitambaa chenye tundu, akatoa picha moja moja. Kulikuwa na kijana mwenye redio begani. Kulikuwa na wanawake wawili wenye kanga za sare. Kulikuwa na mtu na mkewe na mtoto mchanga, nyuma yao ile meli nyeupe. Nyingine zilikuwa zimeanza kupauka.

"Hawa walinilipa," alisema. "Nusu, lakini walinilipa."

Hapo ndipo nilipofahamu, msomaji. Miaka yote hiyo nilidhani baba aliiacha kamera kwa sababu ya moto na hofu. Yamkini ni kweli kwa sehemu. Lakini kilichomlemea zaidi kilikuwa deni. Alikuwa mtu mwaminifu aliyeondoka na picha za watu, na hakuwa na njia ya kujua ni nani kati yao aliyesalimika.

Binti yangu alizipiga zote upya, kwa lenzi ile ile iliyozipiga mara ya kwanza, ili zisiendelee kupauka. Baba alisimama nyuma yake akimwelekeza asiruhusu mwanga wa dirisha ung'ae juu ya karatasi. Kwenda Likoni bado hajakubali. Desemba iliyopita tulimwambia tunaenda Mombasa, akasema ana kazi ya shamba, nasi hatukumlazimisha. Lakini bahasha hazirudi tena chini ya kitanda. Ziko kabatini, pale mtu anapoweza kuziona.

KWAKO MSOMAJI

Basi, nawe ukilifungua sanduku la kwenu, fanya hivi. Itoe lenzi kwenye mfuko wa ngozi na usiirudishe humo. Iweke kwenye chombo kinachofungika vizuri pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Imulike kwa tochi uone kama ina kuvu. Zungusha pete zake taratibu, na kama imekwama usiilazimishe kwa koleo. Soma maandishi yaliyo mbele yake na utazame nyuma kama inafungwa kwa skrubu au kwa meno, maana kila aina ina pete yake. Usiipanguse kwa shati wala mate. Na ukiianika juani, nakusihi, kumbuka kitambaa cha mama yangu.

Sikuambii kwamba lenzi kuukuu huzishinda mpya. Hazina haraka ya kufuata mtoto anayekimbia wala maharusi wanaocheza ngoma, na binti yangu hawezi kwenda nayo kazini peke yake. Lakini kwa picha ya mtu aliyetulia, anayekungoja umtazame, hadi leo sijaona kasoro yake.

Mnunuzi wa vyuma akipiga hodi kwako juma hili, mpe sufuria. Sanduku la mzee lifungue kwanza, tena lifungue mzee mwenyewe akiwapo, maadamu yupo. Yeye ndiye anayejua swichi iko upande gani.